Kelele za Feni, Sauti ya Mzee na Milimita Tatu

Wenzangu mshahara ukiingia hununua viatu. Mimi mwezi uliopita nimenunua kipande cha aluminiamu chenye mirija mitatu ya shaba na feni moja, kizito kama nusu mkate, nikakifunga ndani ya kompyuta yenye umri wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Kijana ninayepanga naye nyumba moja kanicheka mpaka kachoka. "Kaka, yaani hela ya feni mbili za mezani umenunua feni ya kompyuta?" Nikamjibu ndiyo, na hata kesho ningenunua tena. Hakuelewa. Pengine ninyi mtanielewa.

Mashine yenyewe niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Si ya kampuni kubwa, ni ya kuunganisha tu, kasha la wima jeusi lililochubuka pembeni. Ndani yake kuna prosesa ya Intel Core i5-2400, kizazi kilichoingia sokoni Januari 2011. Kwa wasiopenda mambo haya: prosesa ndiyo bongo la mashine, kijidude cha ukubwa wa kibiriti kinachofanya hesabu zote, na kikifanya hesabu kinatoa joto. Hii yangu imeandikiwa wati 95. Hebu kumbuka zile balbu za zamani za wati 100 zilizokuwa zinaunguza vidole, kisha fikiria joto la namna hiyo likitoka kwenye eneo dogo kuliko stempu. Ndiyo maana juu yake lazima kiwepo kipoozaji: chuma cha kulinyonya joto na feni ya kulipeperusha.

Najua mtaniuliza, kwa nini usinunue laptop kama binadamu wengine? Kwanza hela. Pili, napenda kioo kikubwa na kibodi inayogonga. Tatu, mashine za umri huu siku hizi zimejaa na bei zake zimeshuka. Windows 11 rasmi haizitaki, na Windows 10 iliachwa bila matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo maofisi ya Ulaya yanazitoa kwa makontena. Mimi natumia Linux, ugomvi huo haunihusu. Mashine inaandika, inasoma, inahariri sauti. Mwandishi wa gazeti anataka nini zaidi?

Ilikuwa na kasoro moja tu, nayo sikuijua kwa miezi kadhaa. Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa katikati ya habari. Kilichonishtua si giza. Giza tumelizoea. Kilichonishtua ni kwamba masikio yalizibuka ghafla, kama mtu aliyeshuka kwenye basi la mkoani baada ya saa kumi za safari. Nikasikia chura kwenye mtaro. Nikasikia jirani akikohoa. Kumbe usiku wote kulikuwa na kitu kinavuma mezani kwangu, na ubongo ulishaamua kukifuta nisikisikie.

Sasa utasema, Dar es Salaam yenyewe hii ya baa, bodaboda na jenereta, mtu anatafuta ukimya wa nini? Swali zuri. Kelele za mtaa huja na kwenda. Baa hufunga, au huchoka. Bodaboda hupita. Lakini feni ya kompyuta ni sauti moja, noti moja, saa sita mfululizo, nusu mita kutoka kinywani mwa mtu anayezungumza. Na kwangu mimi watu wanazungumza pale mezani kila wiki.

Nieleze hili, maana ndilo lililonifanya nifungue pochi. Mahojiano yangu mengi ya jioni ni ya simu. Naweka simu mezani, nafungua sauti ya nje, kinasa sauti kiko pembeni yake. Wiki hiyo nilikuwa nazungumza na mzee mmoja wa Temeke, aliyefanya kazi kiwandani miaka 22 kabla kiwanda hakijafungwa. Suala ni mafao. Sauti yake ni ndogo, ya mtu anayeokoa pumzi. Ikafika sehemu moja ya mazungumzo, sentensi muhimu kuliko zote. Nikaisikiliza kwenye hedifoni mara ya kwanza, ya pili, ya nane. Alisema "hawakutulipa" au "hawajatulipa"?

Wenye Kiswahili chao hawahitaji maelezo. Moja ni mlango uliofungwa: walitunyima, yamekwisha. Nyingine ni mlango uliorudishwa tu: bado tunadai, bado tunasubiri. Kwa mhariri hiyo ni tofauti ya kichwa cha habari. Kwa wakili ni tofauti ya kesi. Na mimi nilikuwa na silabi moja iliyofunikwa na mvumo, na mvumo huo ulikuwa wangu, si wa mtandao wa simu.

Asubuhi nilimpigia tena. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umeshaandika?" Nikamwambia bado, kuna neno nataka kulithibitisha. Akasema, "Hawajatulipa. Andika hawajatulipa. Ukiandika hawakutulipa, watasema na sisi wenyewe tumeshakubali." Habari ikatoka hivyo, na neno lake likasimama hivyo. Huyu mzee alipokea simu. Wapo ambao ukiwapigia mara ya pili hawapokei, na wapo ambao wakipokea wameshabadili kauli kwa sababu kuna mtu amewatembelea usiku. Mwandishi mara nyingi anapata nafasi moja tu.

Nikaanza kuchunguza kama ninavyochunguza habari nyingine yoyote. Nilihesabu mapanga ya feni ile ya zamani: saba. Programu ya kusoma vipimo ilinionesha inazunguka mara 2,300 kwa dakika. Gawa kwa sitini, zidisha kwa saba, unapata mlio wa Hezi 268 hivi, pamoja na marudio yake ya mara mbili na mara tatu, yaani 536 na 804. Haya, sasa sikiliza. Sauti ya "u" tunaitambua kwa nguvu iliyopo karibu na Hezi 300. Sauti ya "a" tunaitambua kwa nguvu ya karibu 700 na kuendelea. "Ku" na "ja"! Feni yangu ilikuwa imekaa kitako palepale ambapo lugha yetu inatenganisha lililopita na ambalo bado. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kabla hujatoa hata senti, jua kelele inatoka wapi. Kompyuta ina zaidi ya mdomo mmoja. Kuna feni ya prosesa, kuna feni ya pawa saplai, kuna feni ya nyuma ya kasha, kuna hadidiski inayotetemesha bati zima. Njia yangu ilikuwa ya kienyeji: kasha wazi, mashine inawaka, nikaishika feni ya prosesa kwa kidole pale katikati kwenye kitovu, si kwenye mapanga, kwa sekunde tano tu. Mvumo ukafa karibu wote. Mtuhumiwa kapatikana. Pawa saplai ilibaki ikinong'ona, hiyo nikaiweka kiporo.

Hatua ya pili, ambayo watu wengi wanairuka na kukimbilia dukani, ni kusafisha. Nilipong'oa kile kipoozaji cha zamani nilikuta vumbi limekuwa blanketi. Lilikuwa limekaa kati ya feni na chuma, upande usioonekana, kwa hiyo ukitazama kwa juu unaona feni safi inayozunguka na unaamini mambo ni shwari. Vumbi la kwetu lina unyevunyevu, likishika halipeperuki kwa kupuliza na mdomo. Fundi wa jirani alinipigia bloa bure, ila ushike mapanga yasizunguke ovyo. Na ile pesti kati ya chuma na prosesa, ambayo kazi yake ni kujaza vijitundu hewa isikae, ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la mbugani mwezi wa tisa. Nikaifuta kwa spiriti na pamba, nikaweka mpya. Kiasi gani? Punje ya choroko, basi. Wapo wanaopaka kama blubendi kwenye mkate. Pesti si siagi, ikizidi inakuwa kizuizi.

Matokeo ya usafi peke yake: mashine ikifanya kazi nzito joto lilishuka kutoka nyuzi 84 hadi 76, na feni ikapunguza mwendo kidogo. Kwa mtu mwingine ingetosha. Kwangu bado noti ilikuwepo. Feni yenyewe ilikuwa imeanza kukwaruza, mafuta ya kwenye bushi yamekwisha. Kuna ujanja wa mafundi wa kubandua stika ya katikati na kudondoshea tone la mafuta ya cherehani. Unafanya kazi, wiki mbili tatu. Kisha unabandua tena.

Ndipo nikaingia kwenye kusoma, na hapa nina malalamiko. Karibu kila uchambuzi wa vipoozaji unaousoma umeandikwa na mtu wa Ulaya au Marekani aliyekaa kwenye chumba cha nyuzi 20 au 22. Anakwambia kipoozaji fulani kidogo kinatosha na hakisikiki. Kwake ni kweli. Lakini hakuna kipoozaji cha feni kinachoweza kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa inayokipitia. Kazi yake ni kupunguza pengo kati ya joto la prosesa na joto la chumba, na pengo hilo linategemea wati, chuma na mwendo wa feni. Chukua mfano: kipoozaji kinachoruhusu nyuzi 0.3 kwa kila wati moja. Kwa wati 95 prosesa itakaa nyuzi 28 na nusu juu ya hewa. Kwa yule jamaa wa nyuzi 21, ni kama 50. Chumbani kwangu msimu wa kaskazi, Januari na Februari, saa tatu usiku kipimajoto kinasoma 31. Tayari ni karibu 60, na hewa ya ndani ya kasha ni ya moto kuliko ya chumba. Basi ubao wa mashine unaona joto, unaiamuru feni ikimbie, na kile kipoozaji "kisichosikika" kinaanza kupiga filimbi. Kosa si la kipoozaji, wala si la mchambuzi. Ila mtu wa Dar, Tanga au Mombasa akisoma kule "kinatosha", aelewe kinatosha kule.

Kwa hiyo ukinunua ukimya huku pwani unanunua chuma. Maandishi ya kwenye boksi kuhusu desibeli usiyape uzito sana, kila kiwanda kinapima kwa namna yake. Tazama ukubwa. Feni ileile ukiipunguza mwendo kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inaanguka takriban desibeli 15, na sikio la binadamu linahesabu desibeli 10 kuwa nusu ya kelele. Biashara nzuri, sivyo? Unatoa nusu ya hewa, unapata ukimya zaidi ya maradufu. Ila ili umudu kupoteza nusu ya hewa ni lazima joto liwe limetandazwa kwenye mabati mengi. Hapo ndipo mirija ya shaba inapoingia. Watu wanadhani ni shaba tupu. Ndani ni wazi, imenyonywa hewa na kuachiwa maji kidogo sana. Upande wa prosesa maji yanachemka, mvuke unakimbilia kwenye mabati ya juu, unapoa, unarudi kuwa maji yanayonyonywa na kuta za mrija kama utambi wa koroboi. Hakuna pampu, hakuna umeme. Kazi hiyo iliendelezwa na George Grover kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, wakifikiria vyombo vya angani. Leo iko chini ya meza yangu pamoja na maganda ya karanga.

Vile vya maji vyenye mabomba na rediota sikuvifikiria hata kidogo. Pampu nayo inavuma, na kwenye mashine ya thamani hii ni kumvalisha punda tai.

Chaguo likabaki kati ya minara miwili. Ule mkubwa wenye feni ya milimita 120, ambao ndio wachambuzi wanausifu, na ule mdogo wa milimita 92. Mkubwa ndio ningeutaka. Unazunguka polepole zaidi kwa kazi ileile. Lakini minara hiyo mingi ina kimo cha milimita 155 hadi 160, na kasha langu ni jembamba. Wakati nimeng'oa kile cha zamani nilisimamisha rula juu ya prosesa mpaka usawa wa mlango wa pembeni: milimita 140. Habari ya mnara mkubwa ikafia hapo. Minara ya feni ya 92 kwa kawaida huwa kati ya 120 na 136. Pima, ndugu yangu. Rula ya shule ya shilingi mia chache inaokoa elfu nyingi.

Na wenye zile mashine za ofisini za Dell au HP, angalieni vizuri zaidi kabla ya kutoka nyumbani. Nyingi zina kipoozaji kilichofungwa kwa mpangilio wa kiwanda chenyewe, na plagi ya feni ambayo si ya kila mahali. Nyingine ukiondoa feni yake, mashine ikiwaka inalalamika na kukutaka ubonyeze kitufe kila siku asubuhi. Kwa hao, kusafisha na pesti mpya ni nusu ya dawa, na nusu nyingine ni feni bora inayolingana na ile ile.

Dukani sasa. Sitataja duka wala mtaa, jamaa ana familia. Nikamwambia nataka kipoozaji cha soketi 1155. Hiyo namba ni idadi ya vijipini vinavyogusana na prosesa, na ndiyo kitambulisho chake. Akaniletea boksi lenye vumbi. "Hii hapa, inaingia."

"Kaka, hii imeandikwa 775."

"Intel ni Intel, bro. Inaingia."

Nikatoa rula. Mafundi wawili wakaacha walichokuwa wanafanya. Kwenye mazabodi, ule ubao mkuu ambao kila kitu kimechomekwa juu yake, prosesa imezungukwa na matundu manne ya kufungia kipoozaji. Kwa soketi 775, ambayo ni ya enzi za Pentium 4 na Core 2, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya linalofuata ni milimita 72. Kwa yangu, 1155, ni milimita 75. Ndugu zake 1156, 1150, 1151 na 1200 nao ni 75. Nikapima kile cha kwenye boksi mbele yake: 72.

"Sasa milimita tatu ndiyo nini? Plastiki hiyo, inanyumbuka."

Anasema kweli, inanyumbuka. Ukilazimisha, zile pini nne zitaingia zikiwa zimeinama kama wazee wa baraza. Zitashika wiki, labda mwezi. Chuma hakitakaa sawasawa juu ya prosesa, upande mmoja utagusa na mwingine utaelea, na mashine itakuwa ya moto na yenye kelele kuliko ulivyoikuta, huku ubao ukivutwa kila siku. Halafu utasema kipoozaji kibovu. Akaleta cha pili, kipya kabisa, kinang'aa, boksi limeandikwa LGA1700, soketi ya mwishoni mwa 2021. Kizuri! Nikapima: 78. Milimita tatu tena, safari hii upande wa pili! Wapo watengenezaji wanaoweka kwenye boksi vyuma vya kufungia vya soketi zote, mpya na kuukuu, lakini hiki hakikuwa na hivyo. Nilimwonea huruma yule jamaa. Analetewa mzigo uliochanganywa, anauza kwa macho, na wateja wake wengi hawaji na rula.

Boksi la tatu ndilo nililoondoka nalo. Mnara wa feni ya 92, kimo milimita 130, mirija mitatu, jina ambalo sijawahi kulisikia. Kilichonivutia ni miguu yake: ina matundu marefu ya mviringo, unaweza kusogeza skrubu kati ya 72 na 75. Tena haina pini za plastiki, ina bati la kuweka nyuma ya mazabodi na skrubu nne za chuma. Na waya wa feni una nyaya nne. Hilo la nyaya nne msilidharau. Feni ya nyaya tatu hupunguzwa mwendo kwa kupunguziwa umeme, na mazabodi nyingine hazijui kufanya hivyo kwenye plagi ya prosesa, feni inakimbia mwendo mmoja mchana na usiku. Ya nyaya nne ina waya wa kupokea amri.

Kufunga kulinichukua jioni nzima, kwa sababu lile bati la nyuma linadai uitoe mazabodi yote nje ya kasha. Piga picha kila waya kwa simu kabla hujachomoa. Kaza skrubu kwa mkato wa msalaba, hii kidogo, ile ya pembeni mkabala, kama unavyofunga tairi la gari. Feni nikaielekeza isukume hewa kwenda nyuma kwenye tundu la kutokea. Kisha nikaingia kwenye BIOS, nikawasha udhibiti wa feni uliokuwa umezimwa tangu enzi hizo, na nikazima ule utaratibu wa prosesa kujiongezea mwendo wa 3.1 hadi 3.4. Kwa kuandika habari na kukata sauti sijaona tofauti yoyote, na joto limeshuka bila gharama.

Usiku ule chumba kikiwa nyuzi 30, niliibebesha mashine kazi nzito kwa nusu saa. Nyuzi 63. Feni: mizunguko 1,000 kwa dakika. Nikiwa naandika tu inazunguka 700 na kidogo, na lazima niiname chini ya meza kuisikia.

Siku tatu baadaye nilimpigia yule mzee kumuuliza kama kuna jipya kuhusu mafao. Hakuna. Bado ni "hawajatulipa". Nilipoisikiliza rekodi nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia kwenye simu zake: mtoto anahesabu moja mpaka ishirini kwa nyuma, anaruka kumi na saba kila mara, na mzee anavuta pumzi ndefu kabla ya kila jibu linalohusu pesa. Kwenye rekodi za zamani hiyo pumzi ilikuwa imemezwa na feni. Mhariri haitaji hiyo pumzi. Mimi naihitaji, inaniambia niulize swali linalofuata au ninyamaze.

Sasa baada ya kelele kubwa kuondoka, ile ndogo imejitokeza. Pawa saplai, niliyoiweka kiporo, ndiyo inayoongoza kwa uzungumzaji mezani. Fundi kaniambia aifungue abadilishe feni, nimekataa. Mle ndani kuna kapasita zinazoweza kukaa na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na sijaona kama amevaa hata kandambili. Nataka nyingine, yenye feni ya sentimita 12, wati 400 zinatosha na kubaki, na iwe na uzito wa kweli mkononi maana nyingi za huku ni boksi na hewa. Anayejua duka hapa mjini wanakokuruhusu kuipima na kuisikiliza kabla ya kulipa, anielekeze. Rula ninayo.